Saini za wachezaji wasiojulikana: ununue kadi ya kiwandani, uandike barua, usubiri getini, au ununue kwa mkusanyaji mwenzio?

Wakuu, anayetafuta kadi yenye saini ya Messi hii haimhusu, huyo shida yake ni hela na woga wa kuuziwa feki, basi. Hapa tunaongea na mgonjwa mwingine kabisa, yule anayetaka saini ya beki wa kushoto wa daraja la pili Ujerumani, kipa namba tatu wa Genk, au mtu kama Chaker Alhadhur wa Comoro. Kama mnamkumbuka, Januari 2022 kwenye AFCON makipa wa Comoro walikuwa nje kwa Korona na majeraha ikabidi yeye beki akae golini dhidi ya Cameroon wenyeji, jezi ya kipa ikabandikwa namba 3 kwa teipu, na pamoja na kucheza pungufu karibu mechi nzima walifungwa 2-1 tu. Mimi saini ya mtu wa hivyo naitamani kuliko ya mastaa wengi wanaouzwa maelfu ya dola. Ila ukianza kuitafuta unagundua mapema kwamba ushauri mwingi unaozunguka umeandikwa kwa ajili ya wanaokusanya mastaa.

Kwa staa unajiuliza kama saini ni ya kweli. Kwa hawa wetu unajiuliza kama ipo kabisa. Hakuna mtu anakesha kughushi saini ya kipa wa akiba wa Heidenheim, hailipi, lakini inawezekana kabisa kadi yake yenye saini haijawahi kutengenezwa na kampuni yoyote duniani. Kwahiyo njia nne ninazolinganisha hapa zipimeni kwa jicho hilo.

Tunapima nini

Cha kwanza ni upatikanaji, yaani mchezaji unayemtaka anapatikana kwa njia hiyo au unajisumbua bure. Cha pili hela, na ukipiga hesabu usiangalie bei ya kadi peke yake, weka gharama za kutuma na kodi za kuingiza mzigo, VAT peke yake Kenya ni asilimia 16 na Tanzania Bara 18. Cha tatu uhakika kwamba aliyesaini ni yeye. Cha nne muda na usumbufu. Cha tano kadi yenyewe, inavyoonekana na inavyokaa kwenye albamu, pamoja na itakavyokuwa siku ukitaka kuiuza. Hilo la kuuza nimelichomeka mwisho makusudi, kadi za watu hawa soko lake ni dogo sana, mnunuzi wako anaweza kuwa mtu mmoja tu yuko Norway na ameshanunua.

1. Kadi zilizosainiwa kiwandani

Hizi ni zile za Topps (kampuni ya Brooklyn ya tangu 1938, toka Januari 2022 iko chini ya Fanatics) na Panini wa Modena, Italia, walioanza 1961. Kampuni inaingia mkataba na mchezaji, anasaini rundo la kadi, zinachanganywa kwenye pakiti, na nyuma ya kadi kunakuwa na maandishi kwamba kampuni inaidhamini saini hiyo.

*Upatikanaji.* Hapa ndipo watu wanapokwama. Ujerumani peke yake ukijumlisha Bundesliga timu 18, daraja la pili 18 na la tatu 20 unapata klabu 56, kila moja na wachezaji 25 mpaka 30, na kampuni haiwezi wala haitaki kuwasainisha wote. Wanachagua mastaa, wakongwe waliostaafu na madogo wanaotabiriwa makubwa. Beki wa miaka 31 anayecheza kila wiki daraja la pili na kufanya kazi yake kimyakimya hayumo, na hatakuwemo. Lakini wale madogo ndio siri ya njia hii, maana dogo wa miaka 18 anasainishwa mamia ya kadi kwa sababu anaitwa Mbappe mpya, miaka mitano baadaye yuko kwa mkopo ligi ya Uswisi na hakuna anayemuulizia, kadi zimebaki zimejaa sokoni. Wachezaji wengi wasiojulikana wenye saini za kiwandani ni nyota ambazo hazikuwaka.

Halafu angalia leseni, yaani kampuni ipi ina haki ya kutengeneza kadi za ligi hiyo. Ligi Kuu ya Uingereza ilikuwa kwa Panini kuanzia msimu wa 2019/20 mpaka 2024/25, kuanzia 2025/26 imehamia Topps, kwahiyo ukitafuta mtu wa Sheffield United wa 2020 kwenye Topps utakesha. Ligi ya Mabingwa, Bundesliga na MLS tafuta Topps. Ligi ya Mabingwa inatusaidia kwa sababu timu ndogo ikifuzu na wachezaji wake wanaingia kwenye macho ya kampuni: Genk ya 2019/20, ile ambayo Samatta alifunga kwa kichwa Anfield, au Shakhtar ya 2023/24 iliyokuwa na Novatus Miroshi kwa mkopo. Kuwemo kwenye seti haimaanishi alisaini, kadi ya kawaida isiyo na saini na kadi yenye saini ni vitu viwili, soma maelezo ya muuzaji mpaka mwisho. Na wengine wako nje ya Ulaya kabisa. Michael Olunga alipofunga mabao 8 peke yake Kashiwa Reysol walipoipiga Kyoto 13-1 mwaka 2019 alikuwa Japani, na huko kadi za J.League wakati ule zilikuwa za kampuni inaitwa Epoch, kwahiyo wa Olunga aanzie minada ya Japani.

*Hela.* Usinunue boksi. Narudia, usinunue boksi kama unamtafuta mtu mmoja, boksi ni kamari na kwenye kamari hiyo wewe ndo unaomba upate kile ambacho wengine wakikipata wanasonya. Nunua kadi moja moja, saini ya mtu asiyejulikana huwa inaenda dola 3 mpaka 10 hivi, mara nyingi kutuma kunazidi kadi yenyewe. Ndo maana wengi wanatumia COMC, soko la kadi la mtandaoni la Marekani, unanunua unaacha zinakusanyika huko, zikifika ishirini unaagiza zije pamoja.

*Uhakika.* Juu kuliko njia zote, hapo hakuna ubishi.

*Muda.* Dakika kumi za kununua, kisha unasubiri mzigo. Angalizo moja tu, ukiona kadi imeandikwa ni ya kukombolea, yaani mchezaji hakuwahi kusaini kabla pakiti hazijatoka na kampuni inaahidi itakutumia baadaye, achana nayo kama haraka ni sehemu ya raha yako.

*Kadi yenyewe.* Hapa kuna aina mbili na picha ya mnadani haikuonyeshi tofauti vizuri. Aina moja mchezaji amesaini kwenye kadi moja kwa moja. Nyingine amesaini stika nyembamba inayong'aa, karatasi nzima za stika alitumiwa nyumbani akakaa anasaini, kisha kiwandani wakazibandika. Ukiinamisha kadi kwenye mwanga unaona mstari wa ukingo wa stika umepita juu ya picha, na kuna saini nyingine mkia umekatika pale stika ilipoishia kwa sababu jamaa alikuwa na haraka. Wengine hiyo inawaudhi sana, mimi kwa dola nne siwezi kununa.

Kadi ya kiwandani pia inashika kilichokuwepo siku hiyo na haibadiliki tena. Mfano Silas wa Stuttgart, mwana wa Kinshasa, vitu vya msimu wa 2020/21 vinamtaja kama Silas Wamangituka, Juni 2021 klabu ikatangaza kwamba jina lake halisi ni Silas Katompa Mvumpa na umri una mwaka mmoja zaidi ya ulioandikwa. Ukimkusanya huyo unatafuta majina mawili. Na kwa upande wa kuuza, hizi ndizo zinazouzika kirahisi, hata kama ni kwa hasara.

*Inamfaa* anayetaka seti iliyonyooka, kadi saizi moja, asiye na muda wa kuandika barua, na anayewafuata zaidi vijana waliopita kwenye timu kubwa.

2. Kuandika barua klabuni

Hii ni ya kizamani na kwa wachezaji wetu hawa ndiyo yenye matunda mengi, hasa kwa Ujerumani. Huku ninakoishi, mkoa wa Ruhr, kila klabu ya kulipwa inachapisha kitu kinaitwa Autogrammkarte, ni kadi ya saizi ya postikadi, mbele picha ya mchezaji na nembo za wadhamini, mara nyingi na nafasi imeachwa ya kusaini, nyuma tarehe ya kuzaliwa na klabu alizopitia. Klabu inachapisha ya kila mchezaji kuanzia nahodha mpaka kipa namba tatu, na inazitoa bure. Yaani mfumo mzima ulishajengwa kwa ajili ya mtu mwenye ugonjwa wako.

*Upatikanaji.* Mpana mno. Bundesliga, daraja la pili, la tatu, hata timu nyingi za daraja la nne wanazo. Mganda Melvyn Lorenzen alipokuwa Werder Bremen alicheza mechi chache tu za kikosi cha kwanza, mchezaji wa aina hiyo ndiye ambaye kampuni za kadi zinampita ila kadi ya klabu anayo. Uingereza utamaduni wa kadi za bure siyo mkubwa hivyo, kule unatuma kadi yako mwenyewe, na hapo kadi za kawaida za Match Attax zinafaa sana, za bei ya pipi na zimejaa kila mahali. Mchezaji asiye na kadi kabisa mpelekee picha, chapisha studio saizi ya 10 kwa 15, anasaini bila tatizo.

*Hela.* Kama uko ndani ya Ujerumani, tangu Januari 2025 barua ya kawaida mpaka gramu 20 ni senti 95, stempu moja ya kwenda na moja kwenye bahasha ya kurudishia, weka na bahasha zenyewe haufiki yuro mbili na nusu. Ukiwa Dar au Nairobi mambo yanabadilika, stempu ya nyumbani haifanyi kazi kwenye barua ya kurudi, lazima iwe ya nchi anayotumia mchezaji. Stempu za Deutsche Post unaweza kununua mtandaoni ukachapisha mwenyewe, lakini rahisi zaidi ni kuwa na ndugu Ujerumani anayepokea majibu halafu anakuletea akija likizo. Kama unapokea mwenyewe andika jina, S.L.P., mji na nchi kwa herufi kubwa, maana kule barua bila jina la mtaa inawachanganya, wasije wakadhani umesahau.

*Uhakika.* Kati na kati. Hatari siyo tapeli, hatari ni kadi yenye saini iliyochapishwa, klabu nyingine zinatoa hizo kwa sababu maombi ni mengi, hasa klabu kubwa. Kuijua ni rahisi ukizoea: inamisha kadi chini ya taa, wino wa makapeni unang'aa tofauti na picha, na pale mistari inapokatizana unaona pamekuwa peusi zaidi. Ya kuchapishwa inang'aa sawasawa na picha nzima, na ukiivuta kwa kamera ya simu unaona vidoti. Ukiwa na mbili za mchezaji mmoja ziweke pamoja, zikifanana kila mkunjo, hakusaini mtu hapo. Upande mzuri ni kwamba kadiri mchezaji alivyo mdogo kwa jina ndivyo anavyokuwa na barua chache, na mwenye barua chache anasaini mwenyewe. Kwa staa ni kinyume chake.

*Muda.* Wiki mbili, miezi mitatu, au kimya cha milele. Andika Agosti kadi mpya zikishatoka, epuka dirisha la Januari maana barua inafika jamaa ameshahamia Austria. Barua iwe fupi, mistari minne, kwa Kijerumani ukiweza na kwa Kiingereza kama huwezi, jitambulishe uko wapi, taja mechi au kitu kimoja unachomkumbuka nacho, omba kadi moja au mbili, shukuru, maliza. Usiombe jezi. Ukimwomba aandike jina lako juu ya saini unaongeza nafasi ya kujibiwa kwa sababu anaona hutaki kwenda kuuza, na barua inayotoka Mwanza au Mombasa kwenda kwa beki wa daraja la pili, niamini, haifanani na nyingine alizopokea wiki hiyo. Bahasha ya kurudishia isipungue saizi ya postikadi, kadi ikirudi imekunjwa katikati inauma kuliko kukosa.

*Kadi yenyewe.* Kubwa, haiingii kwenye kurasa za albamu za kadi za kawaida ambazo zimekatwa kwa inchi 2.5 kwa 3.5, unahitaji albamu ya postikadi au ya picha. Ila saini imekaa kwenye karatasi, kubwa, na wino wa kushiba. Kwenye kuuza thamani ni yuro moja mbili, yenye jina lako ni sifuri, kwahiyo usianze kwa ndoto hiyo.

*Inamfaa* mwenye subira, anayetaka timu nzima mpaka benchi, na anayefurahia kufungua sanduku la posta.

3. Kuomba ana kwa ana

Hii nitaipita haraka kwa sababu inategemea unaishi wapi kuliko kitu kingine.

*Upatikanaji.* Ukiwa karibu na klabu ndogo unapata kikosi kizima. Huku Ruhr ndani ya saa moja ya treni kuna Bochum, Essen na Duisburg, na klabu za Ujerumani bado zina mazoezi ya wazi ambayo mtu anaingia tu anaangalia, wakimaliza wanapita pale kwenye uzio. Nyumbani nafasi zinakuja kwa msimu: Agosti 2025 CHAN ilikuwa Kenya, Tanzania na Uganda, mashindano ya wachezaji wa ligi za ndani pekee, Madagascar ambao wengi hawakuwa wamewahi kutaja hata jina la mchezaji wao mmoja wakafika fainali Kasarani wakafungwa na Morocco 3-2. Kikosi cha hivyo ni nadra sana kukikuta kwenye pakiti za kampuni yoyote. AFCON 2027 inakuja kwenye nchi hizohizo tatu, na timu kama Comoro zikifuzu zinakuja zimejaa watu wa ligi za chini za Ufaransa ambao ukiwa Dar ungehitaji barua ishirini kuwapata.

*Hela.* Nauli na makapeni.

*Uhakika.* Kwako wewe asilimia mia, umemwona anasaini. Kwa mtu mwingine ni neno lako tu, kwahiyo mwambie mwenzio apige picha wakati anasaini, na uandike nyuma ya kava tarehe na mahali, usiandike kwenye kadi.

*Muda.* Unaweza kusubiri hotelini nusu siku basi likaondokea mlango wa nyuma. Walinzi wa nyumbani nao wana siku zao. Ukiwa mpole, una kadi moja badala ya kumi na tano, peni imeshafunguliwa, kadi iko juu ya kitu kigumu na unamwita kwa jina lake sahihi, mchezaji asiyejulikana anafurahi kweli, wengine wanabaki kupiga stori. Akiwa na familia yake muache apite.

*Kadi yenyewe.* Kadi zinazong'aa kama za Chrome zina mafuta juu, wino unateleza na unafutika kwa kidole, zisugue taratibu na poda ya mtoto kidogo kisha futa kabla hujatoka nyumbani. Makapeni ya bluu kwa picha nyeupe, ya fedha kwa picha nyeusi, na kalamu ya kawaida usimpe kabisa, inachimba kadi bila kuandika. Kwenye kuuza, bila uthibitisho wa mtu wa tatu hupati kitu.

*Inamfaa* aliye karibu na uwanja au hoteli ya timu, asiye na aibu, na ambaye raha yake ni kukutana na mtu mwenyewe.

4. Kununua iliyosainiwa tayari kutoka kwa mkusanyaji

Hapa namaanisha kadi ya kawaida au Autogrammkarte ambayo mtu aliisainisha mwenyewe miaka hiyo na sasa anauza, kwenye eBay, Kleinanzeigen (tovuti ya Kijerumani ya watu kuuziana vitu) au kwa kujuana.

*Upatikanaji.* Kwa waliostaafu hakuna njia inayoifikia hii. Mtu aliyecheza daraja la pili miaka ya 80 klabu haina tena mawasiliano naye, kampuni haikumjua, lakini kuna mzee mahali Ujerumani ana maboksi ya viatu yamejaa kadi za kila msimu na watoto wake hawazitaki. Zinauzwa kwa mafungu, kadi hamsini za klabu moja kwa pamoja.

*Hela.* Ukigawanya bei ya fungu kwa idadi ndo rahisi kuliko zote. Moja moja ni yuro moja mpaka tatu.

*Uhakika.* Wa chini kati ya zote, lakini msiogopeshwe na stori za mastaa. Ile operesheni ya FBI iliyoitwa Bullpen, iliyovunja magenge ya saini feki Marekani miaka ya 90 na kuendelea, iliwakamata watu waliokuwa wanaghushi majina makubwa kwa sababu ndiko kwenye hela. Kwenye fungu la daraja la pili utakutana na vitu vingine: saini iliyochapishwa iliyouzwa kama ya mkono kwa kutojua, saini ya mchezaji mwingine mwenye jina linalofanana, au kadi ambayo mtu wa ofisini alisaini kwa niaba. Dawa ni kutafuta saini mbili tatu za mchezaji huyohuyo kutoka kwa wauzaji tofauti uzilinganishe, ikipatikana moja ya kiwandani hiyo ndo kipimo kizuri. Kumbuka pia saini ya mtu wa miaka 19 na ya miaka 33 hazifanani, ya kijana inasomeka herufi zote, akizeeka inabaki mkwaruzo.

Kuna PSA, Beckett na JSA wanaothibitisha saini kwa malipo, na kwa staa ni lazima. Kwa kadi ya yuro mbili kulipa makumi ya dola ipate cheti ni kutafuta ugomvi na mwenza wako.

*Muda.* Mfupi kununua, mrefu kuchambua fungu likifika, ingawa kuchambua ndo starehe yenyewe.

*Kadi yenyewe.* Bahati nasibu. Nyingine safi, nyingine zina tundu la pini, gundi nyuma, jina la mtoto wa mwaka 1987. Kuuza tena ni kwa bei uliyonunulia, ukipata mtu.

*Inamfaa* mpenda historia, anayekusanya klabu moja kwa miaka mingi, na anayeweza kuishi na mashaka kidogo.

Kuhusu kutunza, kwa njia zote

Wa pwani, yaani Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, unyevu ndo adui yenu, kadi za kung'aa zinajikunja kama kaukau. Kava laini kwanza, kisha kava ngumu, boksi lenye mfuniko na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu. Mbali na dirisha, jua linakula wino mpaka saini inabaki kivuli. Zile albamu za plastiki laini zenye harufu kali zisogeleeni kwa picha za harusi tu, zinashika wino.

Sasa wewe uko wapi

Uko Afrika Mashariki, huna ndugu Ulaya, na unataka kuanza mwezi huu: nunua za kiwandani moja moja, kusanya mzigo uje pamoja, na kubali kwamba utapata vijana waliopotea kuliko wazee wa kazi.

Unamfuata mchezaji mmoja tu wa kwenu aliyeko nje: angalia kwanza amecheza ligi gani na leseni ilikuwa ya nani msimu ule. Ikiwa kampuni haikumsainisha usipoteze miezi kwenye minada, andika barua klabuni kwake leo kabla hajahama, na kama ni mchezaji wa timu ya taifa, ratiba ya mechi za nyumbani ndo kalenda yako.

Uko Ujerumani, Uswisi au Austria: barua. Na siku ya mazoezi ya wazi nenda, peleka na watoto, watoto wanapata saini mara mbili yako.

Uko Uingereza: kadi za Match Attax au picha, na bahasha yenye stempu kwa klabu za madaraja ya chini, huku unanunua za Panini za misimu ile sita ambazo sasa leseni imeshahama.

Unataka waliostaafu, tuseme MacDonald Mariga wa enzi za Parma na Inter au watu wa nyuma zaidi yake: mafungu ya wakusanyaji, na uwe na saini ya kulinganishia kabla hujatoa hela.

Unataka kitu ambacho siku moja utauza bila maelezo marefu: za kiwandani tu, zilizosainiwa kwenye kadi siyo kwenye stika, na zenye namba ya idadi, yaani imeandikwa juu yake zimetengenezwa ngapi.

Na uliyeko Dar, Nairobi au Kampala unayewaza AFCON 2027, chapisha picha mapema za wachezaji wa timu ndogo zikishafuzu, kila mmoja nakala mbili kwa sababu ya kwanza wino utamwagika, na makapeni beba matatu, moja litaondoka na mchezaji.